Kofi Lililochekesha Nchi Nzima

Jumamosi iliyopita hapa redioni niliwaacha kwenye chumba cha kuvalia, mimi Ojiugo nikiwa nimezikamata nywele za msichana wa watu kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika mkasi. Mmenipigia simu wiki nzima. Mmoja wa Nsukka ameniita shetani. Asante ndugu yangu, nimekusikia, ingawa ni kwa sikio moja.

Kwa anayenikuta leo, mimi ndiye Mgbeke. Ndiyo, yule hausigeli mshamba wa *Nyumba ya Lolo*, vichekesho vilivyokuwa vikiondoa watu mitaani Enugu kila Alhamisi, mwaka themanini na saba. Kila wiki niliunguza wali. Kila wiki Lolo, bibi mwenye nyumba, alinizaba kibao, nikaanguka chali miguu juu, nikatulia kama maiti. Ananimwagia kikombe cha maji usoni, anasema, "Mgbeke, amka, wali unaungua!" Mimi napiga chafya. Nchi nzima inashika mbavu.

Sasa kijana mmoja wa Lagos, Tobenna, ameamua kukifufua kipindi kile, ila kicheko amekitoa. Ni tamthilia. Nyumba ile ile, wali ule ule, kofi lile lile, lakini safari hii hausigeli haamki. Anakufa, polisi wanakuja, Lolo anapandishwa kizimbani.

Mimi nikapewa kuwa Lolo. Umgbeke akapewa Kosi, binti wa miaka ishirini, mjukuu wa Mama Schola. Na Mama Schola ndiye aliyekuwa Lolo wa zamani. Ndiye aliyeliua sikio langu la kushoto mbele ya kamera, nikiwa na miaka kumi na saba, halafu akawaambia waandishi wa habari kwamba hakuwahi kunigusa hata unywele. Eti mlio ule nilikuwa naupiga mwenyewe kwa viganja vyangu.

Wenzangu wanataka magari. Mimi kwa miaka thelathini na sita nimetaka neno moja kutoka kinywa cha bibi yule: nilikupiga. Basi.

Turudi kwenye mkasi.

Kosi aliniomba nimpishe kwenye kioo. Hilo si kosa. Kosa ni alivyoomba. "Mgbeke wa zamani, mpishe Mgbeke mpya." Jina hilo nimeitwa sokoni, nimeitwa kanisani. Marehemu mume wangu alinioa akicheka. Wiki ya kwanza ya ndoa alinilamba kofi jikoni, akasimama na kikombe cha maji mkononi, akisubiri nipige chafya.

"Rudia," nikamwambia Kosi.

"Anti, natania tu!"

"Nimesema rudia."

"Mgbe..."

Kacha! Msuko mmoja ukaanguka sakafuni kama mkia wa mjusi.

Alipiga yowe. Mlango ukasukumwa, akaingia Mama Schola na bakora yake. Miaka sabini na saba, lakini kifua mbele kama askari wa gwaride.

"Wewe Ojiugo! Hiyo ni damu yangu!"

Bakora ya kwanza ilitua kwenye mkono wangu wa kulia, ule wa mkasi. Vidole vililia kama kuni kavu. Mkasi ukaenda zake chini ya meza. Bakora ya pili ilinikuta mgongoni, ya tatu nikaidaka hewani kwa mkono wa kushoto, nikamvuta nayo mpaka pua zetu zikagusana.

"Niachie fimbo yangu, mwanakharamu!"

"Njoo uichukue, Lolo!"

Nikamsukuma. Akagonga kabati la nguo, wigi likamtoka, likabaki linaning'inia kwenye ndoano. Nikadhani amekwisha. Kumbe alikuwa anavuta pumzi. Alinirukia akaning'ata begani, na meno yake ni yake, jamani, si ya dukani. Nikamshika koo. Kosi katikati yetu analia, "Bibi! Anti! Bibi! Anti!", na kila anayemvuta mwenzake anamvuta yeye.

Ndipo tukasikia makofi. Ya kushangilia.

Tobenna alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, ameturekodi tangu bakora ya pili. Machozi yanamlengalenga kwa furaha.

"Msiache," alisema. "Kwa nini mnaacha? Miezi miwili natafuta kitu hiki!"

"Wewe mtoto una wazimu?" Mama Schola aliuliza, anatafuta wigi lake.

"Mnaigiza kama watu wanaoogopa kuvunja vikombe. Kesho ni onyesho la kifo. Kesho kofi ni la kweli."

Nyuma yake alikuwapo Cosmas, fundi sauti wetu. Nywele zimekuwa nyeupe, ila ni yule yule aliyeshika kinasa sauti mwaka themanini na saba, kijana mwembamba wakati huo. Yeye alikuwapo siku ya sikio langu.

"Oga Tobenna," alisema polepole, "bosi wangu, la kweli kivipi?"

"La shavuni. Mara moja tu. Kosi, unakubali?"

Kosi alifuta kamasi kwa mkono. Msuko wake uliokatwa ameushika kama tiketi.

"Nakubali," alisema.

Nilimtazama Mama Schola. Nilitegemea amkatalie mjukuu wake, apige kelele, atutukane wote na wazazi wetu. Alivaa wigi lake, akalinyoosha, akatoka.

Nilirudi kwangu mtaa wa Abakpa na vidole vitatu vimevimba kama ndizi. Wateja wangu wananijua. Baa yangu ya supu ya pilipili ina meza tisa, na saa kumi na moja jioni huwezi kupata hata pa kuweka kiwiko. Habari ya ugomvi ilikuwa imenitangulia.

"Eti bibi kizee amekung'ata?"

"Eti umemnyoa mtoto kipara?"

"Mkono huo umegonga nini, Ojiugo, au umemgonga nani?"

Nikawa nawajibu huku nachota supu kwa mkono wa kushoto. Ndipo wote wakatazama mlangoni. Nikageuka. Kosi alikuwa amesimama kwenye mwanga wa mlango, kichwa amekifunga kitambaa, ameshika chupa ya pombe ya jini kwa mikono miwili, haijafunguliwa, kama inavyoshikwa ukija kuomba radhi kwa mkubwa wako.

Alipiga magoti palepale kwenye maji machafu ya sakafu.

"Anti, lile jina sikulitamka kwa dharau. Nimekuja na chupa. Nisamehe."

Nikaipokea. Ungefanyaje? Ukikataa chupa ya namna hiyo, umemfukuza mtu na ukoo wake.

"Inuka mwanangu. Kaa hapa. Umekula?"

Akala bakuli mbili. Anakula kama mimi nilivyokuwa nakula umri ule, anafuta bakuli kwa kidole. Moyo wangu ukaanza kulegea, nawaambieni ukweli. Nilikuwa namwangalia nafikiri, huyu mtoto ana kosa gani?

Hapo Okwudili, fundi wa matairi, akanyanyuka na bia yake. Simu mkononi inacheza kile kipande cha zamani ambacho watu wanarushiana. Kofi, kuanguka, maji, chafya, kicheko.

"Jamani, Mgbeke wawili leo nyumba moja! Hebu na mimi nimzabe huyu mpya tuone kama chafya anaiweza!"

Akainua mkono. Labda alikuwa anatania. Sikumwachia nafasi ya kunionyesha. Nilikuwa na upawa wa supu inayotokota, na nilijua pa kuimwaga.

Okwudili aliruka akapiga kichwa kwenye boriti. Alikimbilia nje ameshika suruali kwa mbele, anaita mama yake aliyekufa zamani. Baa ilikaribia kuanguka kwa vicheko.

"Mtu yeyote atakayemgusa mtoto huyu," nikasema, "supu bado ipo."

Kosi alinitazama kwa macho ambayo hakuna aliyewahi kunitazama nayo. Akaniinamia upande wa sikio zima.

"Anti, kesho nipige kweli. Usinionee huruma."

"Kwa nini unataka kupigwa, wewe?"

"Nataka wanipende kama walivyokupenda wewe. Bibi anasema Mgbeke alipendwa kwa sababu kofi lilikuwa kofi."

Upawa ukanitoka mkononi.

"Bibi yako anasema hivyo? Nani kamsikia?"

"Nyumbani. Akishakunywa kidogo anasema mengi." Alicheka, mtoto wa watu, hajui anachomwaga. "Anasema wengine wote waliigiza, yeye alifanya kazi. Alikuwa analigeuza jiwe la pete yake liingie ndani ya kiganja. Eti mlio unakuwa mzito, unaingia vizuri kwenye kinasa sauti."

Nilisukuma bakuli lake pembeni.

Jiwe la pete. Miaka yote nilidhani ilikuwa hasira ya dakika moja, au kwamba alikosea shabaha. Kumbe kila Alhamisi, kabla ya taa kuwaka, bibi yule alikaa pembeni akazungusha pete kidoleni. Alijiandaa. Mimi nikawa nakuja pale nimevaa gauni lenye viraka, nakariri maneno yangu.

Kosi akaingiza mkono kwenye mkoba.

"Karibu nisahau. Tobenna anataka vitu vya zamani vionekane. Bibi ametoa hii, nikuletee uvae kesho."

Akaiweka mezani, katikati ya mifupa ya samaki. Pete ya dhahabu, jiwe jekundu, kubwa kama punje ya hindi.

Ile ile.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mtakaponihukumu. Pete haikuingia mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimevimba kwa bakora. Nikajaribu wa kushoto. Ikaingia kama ilikuwa inanisubiri.

Asubuhi nyumba tuliyokodi pale mtaa wa New Haven ilikuwa imejaa. Habari ya kofi la kweli ilikuwa imefika hadi kwa wauza okpa, ile mikate ya njugu mawe, na kila aliyekuwa na shemeji kwenye kundi letu alikuja na shemeji yake. Watu wamekaa ukutani, wamekaa kwenye masanduku ya taa. Mama Schola alipewa kiti cha mbele, shanga nyekundu shingoni, bakora katikati ya magoti.

Sebule ilipangwa kama ya zamani. Kochi la maua katikati. Kushoto kwa kochi, ukitazama kutoka kwenye kamera, walificha godoro la sponji. Upande ule ndiko Mgbeke alikokuwa akiangukia siku zote, kwa kuwa Lolo alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia. Upande wa pili kuna ngazi ya kwenda juu. Ngazi ya zege, kingo zake kali.

Wiki nzima tulikuwa tumefanya mazoezi kwa mkono wa kulia. Polepole, bila kugusana. Anaanguka kwenye godoro, anainuka, tunacheka.

Cosmas alikuwa anambandika Kosi kinasa sauti kidogo kifuani, ndani ya blauzi. Vitu vya siku hizi, vidogo kama mende.

"Kinasikia nini hiki, Baba?" Kosi alimuuliza.

"Kila kitu. Hata ukimeza mate nakusikia hapa," akagusa visikilizio vilivyomfunika masikio. "Kwa hiyo usinisengenye."

Mwanamke wa vipodozi akauliza swali ambalo lazima liulizwe. "Kosi, ukishakufa utakonyeza au utacheka?"

Sisi watu wa filamu hatuna mchezo na hilo. Anayeigiza maiti, mara tu kamera ikizimwa, lazima akonyeze jicho au acheke, ili kifo kijue kwamba ulikuwa mchezo, kisije kikadai chake baadaye. Asiyefanya hivyo hakuna atakayekula naye sahani moja.

"Sikonyezi wala sicheki," Kosi alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Nitafanya kama Anti Ojiugo. Mpaka nimwagiwe maji, ndipo nipige chafya!"

Watu walishangilia. Ukutani mmoja akapiga mluzi.

Nikamwendea Mama Schola pale kitini. Nikasimama mbele yake, mkono wa kushoto nimeunyoosha, jiwe linametameta juu ya kidole.

"Mama, unaikumbuka?"

"Ni pete yangu. Nitakosaje kuikumbuka?"

"Ilivaliwaje? Nifundishe. Jiwe linakaa nje, au ndani?"

Uso wake haukusogea. Mishipa ya shingo ndiyo iliyosogea. Akamtazama Kosi kule kwenye kochi, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kwamba mtoto amesema.

"Pete ni pete," alisema.

"Mama Schola, watu wote hawa wapo. Sema neno moja tu. Sema, Ojiugo nilikupiga, sikio lako nililiua mimi. Ukisema hivyo, mimi nitapiga hewa. Tobenna na anifukuze. Mjukuu wako hatakwaruzwa."

Watu wa ukutani waliinama mbele. Hata Tobenna aliteremsha karatasi zake.

Yule bibi alikuwa na nafasi. Naapa kwa roho ya mama yangu, nafasi alikuwa nayo. Midomo yake ilifunguka.

Halafu mtu ukutani akaita, "Lolo! Lolo! Usimkubalie!" Wengine wakadakia, "Lolo! Lolo! Lolo!" kama zamani. Nikaona bibi anajaa, mgongo unanyooka, kidevu kinapanda juu.

"Sijawahi kukugusa," alisema kwa ile sauti ya kipindini. "Ulizaliwa na sikio bovu, ukatafuta pa kulitundika. Nenda ukafanye kazi yako, Mgbeke."

Kicheko kilipasuka mpaka madirisha yakatetemeka.

Nikamzaba? Hapana. Yeye ndiye aliyenizaba. Nilipoinama kumwambia neno la mwisho, kiganja chake kikaja, pa! kwenye shavu la kulia, karibu na sikio pekee nililobaki nalo. Nikaona nyota. Watu wakashangilia zaidi, wakadhani tunawachezea. Nilimrukia, Cosmas na watu wawili wakanidaka kiunoni.

"Dada Ojiugo," Cosmas alininong'oneza, "acha. Twende nyumbani. Mimi nitasema. Nilisikia yote siku ile, mimi nitasema."

"Miaka thelathini na sita, Cosmas! Ulikuwa unasubiri nini?"

Aliniachia, akarudi kwenye mitambo yake.

"Ni sasa!" Tobenna alikuwa anaruka kama ana moto kwenye viatu. "Sasa hivi, wakati damu inachemka! Kosi, kaa tayari! Kamera! Ekshen!"

Nikajikuta nimesimama sebuleni. Mkono wa kulia umevimba unaning'inia. Mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Kwa dole gumba nikaisukuma pete taratibu, jiwe likazunguka, likaingia ndani ya kiganja.

Kosi akatoka jikoni na sufuria inayofuka moshi.

"Lolo, nisamehe, wali umeshika chini."

Maneno yale yale. Nilikuwa nayasema mimi. Alikuwa anatabasamu kwa macho, ananiambia kimyakimya, haya Anti, nipo tayari.

Nikalitazama sikio lake. Dogo, na hereni ya shanga. Nikaliona lingine humo ndani yake, langu.

Hapo nikarudisha pete. Nawaambia Mungu ni shahidi. Nikalirudisha jiwe nje, nyuma ya kidole, lisimfikie. Nikasema moyoni, shavu tu, taratibu tu, yaishe.

"Umeunguza tena?" nilisema.

"Ndiyo, Lolo."

Na kule mbele, kwenye kiti cha heshima, nikamwona Mama Schola anachekelea.

Mkono haukuniuliza. Uliondoka na marehemu mume wangu na kikombe chake cha maji, ukaondoka na Okwudili na simu yake, ukaondoka na Alhamisi zote. Ulikuwa mkono wa kushoto. Kofi lilimkuta Kosi shavu la kulia, sufuria ikaruka, wali ukatapakaa hadi kwenye taa.

Naye hakuangukia upande wa godoro.

Nilisikia mlio. Kwa sikio langu moja zima lililotoka kupigwa, niliusikia. Kisogo kwenye ukingo wa zege. Akateleza hatua mbili za ngazi, akalala chali, mguu mmoja juu ya mwingine, mdomo wazi.

Mtaniuliza kama nilijua godoro liko upande gani. Polisi wameniuliza. Nimejiuliza kila siku tangu pale. Nililijua tangu asubuhi. Wakati mkono unaondoka, sijui nilikuwa najua nini.

"Kataaa!" Tobenna alipiga kelele. "Kata! Mmeua! Jamani, mmeua!"

Shangwe. Watu waliruka ukutani wakaingia sebuleni. Ngazi? Hakuna aliyejali ngazi. Walidhani ni ufundi mpya, tamthilia si vichekesho, lazima aanguke kivingine.

Kosi alitulia.

"Maji! Maji! Mleteeni Lolo maji!"

Maana alikuwa ameahidi. Hakonyezi wala hacheki. Mpaka maji.

Mama Schola alikuwa amekwisha kuinuka. Walimpa kikombe cha bati, kama kile cha zamani. Alitembea na bakora yake kama malkia, watu wakampisha, akasimama juu ya mjukuu wake akalipa kila neno muda wake.

"Mgbeke! Amka! Wali unaungua!"

Akamwaga.

Watu walikuwa wanamsindikiza, vinywa wazi, tayari kupasuka na chafya. Maji yakatiririka mashavuni, yakaingia mdomoni, yakakaa humo.

"He! Huyu mtoto anaweza!" mmoja alisema. "Anamzidi yule!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa sababu mimi nimewahi kulala pale. Mimi najua kulivyo chini kule, unavyozama huku wao wanacheka, maji yanakuja mara ya kwanza, mara ya pili, nawe huwezi kufumbua hata kope. Mimi niliamka kwa kikombe cha tatu. Wakasema nimeigiza vizuri, wakanipa mkate na sadini.

"Maji mengine!" Mama Schola aliita. Sauti ya kipindini ilikuwa imeanza kupasuka.

Kikombe cha pili.

Kicheko kilianza kufa kuanzia mbele kuelekea nyuma. Wa nyuma hawakuona, wakaendelea. Chini ya kichwa cha Kosi maji yalikuwa yanageuka rangi.

Bakora ikaanguka. Mama Schola alipiga magoti kwenye wali, akamshika mjukuu wake kidevu, akakitikisa. Wigi limepinda, hakulijali. Akaniinulia uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa Lolo.

"Ojiugo," alisema. "Ojiugo, nakuomba, mwanangu, nakuomba. Siku ile nilipokupiga. Siku ya sikio. Ulilala muda gani kabla hujaamka?"

Alisema.

Watu wote walimsikia. Kamera bado ilikuwa inaenda, taa yake nyekundu inawaka. Neno langu lile, nililolingoja mpaka nikazeeka, lilikuwa limelala pale sakafuni pamoja na wali, na sikuwa na mkono wa kuliokotea.

"Cosmas," nikasema. "Unasikia nini?"

Cosmas alikuwa amesimama kwenye kona, viganja vyote viwili amebana visikilizio masikioni, macho amefumba. Alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, taratibu, kama mtu anayekataa chakula. Kisha akavivua, akanijia, akaninyooshea.

Nikaweka kimoja kwenye sikio langu zima.

Sikusikia pumzi. Sikusikia hata mate. Nilisikia kicheko, cha wale wa nyuma ambao walikuwa bado hawajajua, kikinijia kutoka kifuani mwa Kosi.